Laptopu Iliyokaa Matanga

Paa la nyumba yetu pale Girga tunalitumia wawili, mimi wa chini na Tafida wa juu, kwa sababu tanuri ni moja. Siku ya kuoka tunapanda na mabeseni yetu, tunakanda, kila donge tunaliweka juu ya kisahani chake cha udongo, tunayaacha juani mpaka yaumuke. Kisha Tafida anapita na mwiba wa mtende, anachanja kando ya kila donge, ili mkate ukiiva uote masikio. Mkono wake sijauona kwa mwingine. Mikate yangu mimi hutoka tanurini na masikio ya punda. Yake hutoka na masikio ya mtoto mchanga. Mwiba wenyewe huuchomeka kwenye ukosi wa gauni lake, na hapo ndipo unapokaa wiki nzima.

Mtaa unamwita Mama Naji. Naji maana yake aliyeokoka, na hakupewa jina hilo kwa kupenda tu. Kabla yake Tafida alizika watoto wengine, hata mmoja hakufikia kuota meno. Huyu alipozaliwa, wanawake wakubwa wakamwambia amfiche macho ya watu. Basi akamtoga sikio moja, akamtia hereni, akamvalisha vigauni, na mbele za wageni akawa anamwita "binti yangu", ili husuda ikipita iseme ah, huyu msichana tu, iende zake. Ikaenda. Naji mwenyewe ndiye aliyeivua ile hereni, siku aliyorudi shule na shati limechanika baada ya kupigana na darasa zima. Tundu la sikio halikuziba. Hata alipokuwa mwanamume wa masharubu, ukikaa upande wake wa kushoto ulikuwa unaliona.

Baba yake alikufa mapema. Tafida akamlea kwa mkate wa jua, na Naji alipotaka kuwa mpiga video za harusi, mama yake akauza ng'ombe, akamnunulia kamera na laptopu. Laptopu ilikuwa imeshazeeka kwenye mikono ya mtu mwingine kabla ya kuja kwetu, kifuniko kimepasuka kona, lakini ilifanya kazi. Usiku Naji alikuwa kwenye harusi za watu, mchana amekaa chumbani anakata na kuunga. Zumari, ngoma, vigelegele, zumari tena. Kigelegele kimoja anakirudia mpaka ukichukie.

"Naji!" Tafida alikuwa akipiga kelele kutoka kitandani. "Tangu asubuhi nimeshaozesha wasichana wote wa mkoa huu! Nipe nafasi nilale!"

"Bado mmoja tu, Mama. Huyu mbaya, hakuna atakayemwoa nisipomrembesha."

Halafu anatia pini ya hedfoni kwenye tundu lake, hedfoni nyekundu zenye waya mrefu, na nyumba inanyamaza. Hicho ndicho kitu pekee Tafida alichokijua kuhusu mashine ile: ukisukuma pini hapo, inafunga mdomo.

Naji akamwoa Hanadi, binti wa ng'ambo ya mto. Alikuwa msichana mwepesi wa kucheka, mwepesi wa mikono pia, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anakanda unga kwenye beseni moja na mama mkwe wake, mabega yanagusana. Mtoto hawakujaaliwa. Tafida hakuwahi kumsema kwa hilo, na mnajua kwetu huku wakwe wanavyosema.

Kisha Naji akafa. Alikuwa anarudi kutoka harusi ya mbali, kwa njia ya jangwani, gari likapinduka. Kamera ilikuwa naye, simu ilikuwa naye. Vyote vikaharibika. Kilichobaki nyumbani ni laptopu.

Nyie mnajua nyumba ya matanga ya watu wa Saidi, huku kwetu Misri ya juu, ilivyo. Televisheni ilifunikwa shuka. Redio ilipelekwa kwangu chini, na mimi mwenyewe sikuiwasha. Hina hakuna, biskuti za sikukuu hakuna, na hata ukimwita mtoto barabarani unamwita kwa sauti ya chini. Sebule ya Tafida ilikuwa imejaa wanawake wa nguo nyeusi tititi, tumekaa chini, msomaji wa Kurani amepumzika kidogo, chai ya rangi inazunguka. Hapo ndipo kijana mmoja akabisha mlangoni. Alikuwa kaka wa bwana harusi fulani. Aliona haya mpaka masikio yamemwiva. Alisema anajua si wakati wake, lakini baba wa bibi harusi anasafiri kwenda Kuwait, na video ya harusi yao iko kwa marehemu, na kama ingewezekana...

Hanadi hakujua kumwambia mtu hapana. Akaingia chumbani akaifungua laptopu ili amnakilie.

Mashine ikaanzia pale Naji alipoiachia.

Fikirini wenyewe. Zumari likalia kama mtu amekanyagwa. Ngoma zikafuata, na vigelegele vya wanawake tusiowajua vikamwagika kwenye nyumba ile, juu ya vichwa vyetu, na mwanamume mmoja anapiga kelele, "Leo raha, leo raha!" Shangazi wa Naji akajipiga makofi mashavuni. Mwingine akasema, "Astaghafirullah, nani amefanya hivi?" Hanadi mle chumbani alikuwa anabonyeza hiki, anabonyeza kile, na sauti inazidi.

Tafida akainuka. Tangu mazishi alikuwa hajainuka bila kushikwa mkono, lakini siku hiyo aliinuka peke yake. Akaingia chumbani, akachukua hedfoni nyekundu kwenye msumari, akalitafuta lile tundu, akaisukuma pini kwa kiganja, kwa nguvu ya mtu anayeziba bomba lililopasuka. Kimya. Akafunga kifuniko, akaiviringisha laptopu kwenye mfarishi, hedfoni na kila kitu, akaishindilia chini kabisa ya kasha, akarundika mablanketi ya baridi juu yake, kisha akakaa juu ya kasha. Yule kijana akashuka ngazi bila video, anaomba radhi kwa kila kidato.

Jioni yake Hanadi alikuja akapiga magoti mbele ya kasha. Mimi nilikuwepo. Akasema, "Mama, ifute yote. Sauti yake iko mle ndani, itaniua."

Tafida hakushuka kwenye kasha. Lakini neno lile alilichukua akaliweka.

Hanadi alikaa eda, eda ikaisha, na hakurudi kwao. Wakaendelea kukaa wawili, na mwaka wa msiba ukatimia. Siku Tafida alipovua shuka juu ya televisheni ndiyo siku aliyofungua kasha. Alitoa mablanketi, akaufungua mfarishi, ule waya mwekundu ukateleza wenyewe ukaanguka sakafuni. Hakuuangalia. Akaufagia na takataka nyingine. Hanadi akaiwasha mashine, akatafuta, na Naji akatokea kwenye kioo, amesimama paani kwetu, tanuri nyuma yake, anacheka.

Midomo inakwenda. Sauti hakuna.

Wakaongeza sauti mpaka mwisho. Wakaizima, wakaiwasha. Naji anasema maneno, anageuka, anamwita mtu, na haitoki hata pumzi.

"Umemfuta," akasema Tafida.

"Mama, mimi? Ilikuwa ndani ya kasha lako. Ufunguo unao wewe."

"Uliniambia kwa mdomo wako. Ulisema ifutwe."

"Nilisema siku ile, Mama. Siku ile nilikuwa nasema hata nizikwe naye."

"Wenzio tulimzika mara moja. Wewe umemzika mara mbili."

Neno kama hilo likishatoka, hata aliyelitoa hawezi kulirudisha. Hanadi alishuka ngazi na begi lake moja, akanibusu, akaenda kupanda pantoni kwenda kwa baba yake. Tafida alikuwa juu paani. Alimwona akienda mpaka kona ya msikiti, wala hakumwita.

Basi ikawa kila Ijumaa, baada ya swala, naitwa juu. Tunakaa tunamtazama Naji akisema bila sauti. Tafida alikuwa amejifunza kuiwasha mashine, akabonyeza mahali pale pale kama mtu anayepapasa njia gizani. "Hapa anasema Mama," ananiambia. "Unaona midomo inavyokutana? Hapa sijui. Hapa anamwita..." Ananyamaza, maana anajua anamwita nani.

Ijumaa moja kidole kilimteleza. Badala ya Naji ikafunguka harusi ya watu, mabibi wamepanua vinywa, ngoma inapigwa, na kimya kilekile. Nikaitazama, nikaitazama tena.

"Mama Naji," nikasema, "Hanadi aifute sauti ya mumewe, sawa. Na vigelegele vya watu wengine amevifuta kwa kazi gani?"

Akanigeukia. Jamani, sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Nilidhani atafurahi.

"Unasema imeharibika tu?"

"Nasema tumpelekee fundi."

Hakutaka. Wiki iliyofuata hakutaka pia. Siku ya kuoka tukiwa paani aliniambia kwa nini, bila kuinua macho kwenye madonge. "Ikitengenezeka, Mama Bakhiti, basi nilimfukuza bure."

"Na isipotengenezeka?"

"Basi Naji ndiyo hayupo tena, kabisa."

Alikuwa anachanja, na nikaona anachanja mkate mmoja mara mbili, masikio juu ya masikio. Mikate ilipotoka tanurini aliifunika yake kwa kitambaa, akavaa shali yake nyeusi, akaniambia nimshikie laptopu.

Fundi Wasfi ana kibanda ndani ya Qaisariya, soko letu la kale, kati ya muuza vitambaa na muuza viungo, kwa hiyo kila simu anayotengeneza inarudi kwako inanukia bizari. Ni mwembamba, miwani ameifunga kwa waya, na mdomo wake haupumziki.

"Karibu, Hajati, karibu."

"Sijahiji bado, mwanangu."

"Nakutangulizia jina, safari utaikuta mbele. Na wewe, Mama Bakhiti, bado unaoka yale matofali?"

"Nakuletea moja upangie mlango," nikamwambia.

Akacheka, akaipokea laptopu, akaigeuza kama mtu anayechagua tikiti maji. "Haya, imefanya nini? Najua mtaniambia imeharibika yenyewe. Nyie watu wa Girga hamvunji kitu. Miaka yote niliyokaa hapa hajaja mtu akaniambia Wasfi, nimeiharibu mimi. Simu zenu zinaruka zenyewe kwenye ndoo ya maji."

"Haisemi," Tafida akasema. "Picha ipo. Sauti haipo."

"Hedfoni mlijaribu?"

"Pini haiingii," nikasema. "Bakhiti wangu alijaribu na zake, zikagoma. Akasema tundu limeshika kutu."

"Kutu? Nili haijafika Qaisariya." Akaiwasha, akabonyeza kitufe cha sauti, akainamisha kichwa. Kwenye kona ya kioo kilitokea kipicha kidogo, kichwa na vizibo viwili vya masikio. Wasfi akakigonga kwa kucha.

"Hajati, mashine yako si bubu. Inasema, na wala haijaacha kusema. Ila inadhani kuna mtu amevaa hedfoni, basi inamnong'oneza yeye peke yake."

"Mtu gani?"

"Hakuna mtu."

Akachukua tochi akamulika tundu. Akakaa kimya, na Wasfi kukaa kimya si jambo dogo. Kisha akaanza kufungua skrubu za chini, akizipanga kwenye kifuniko cha kopo la chai. Akatoa betri. Akainua bodi, akaligeuza lile tundu akalitazama kwa nyuma, mahali penye uwazi mdogo.

"Mna kitu mle. Kimekwama sawasawa." Akajaribu sindano, ikapinda. Akajaribu nyingine, ikateleza. "Nataka kitu kigumu lakini kisichochubua. Ningekuwa na..."

Tafida akapeleka mkono kwenye ukosi wake akachomoa mwiba wa mtende, akampa. Wasfi akautazama, akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza hakutania. Akauingiza kwa nyuma, akasukuma taratibu.

Kikaanguka kwenye kifuniko cha chai pamoja na skrubu. Kilikuwa kipande cha pini, kidogo kama punje ya ngano, rangi ya dhahabu, na mahali kilipokatikia kimeshikilia alama ya plastiki nyekundu.

"Hii hapa," Wasfi akasema, anafurahia kazi yake, maana yeye hakujua lolote. "Mtu alisukuma hedfoni kwa hasira, kisha akaziwekea mzigo mzito juu. Pini ikakatikia ndani. Sasa mlete huyo mtu nimchape."

Mimi nilijifanya natazama vitambaa vya jirani. Kasha lilinijia machoni, na yale mablanketi, na Tafida ameketi juu.

"Ni mimi," Tafida akasema. "Nimeiharibu mimi, fundi."

Wasfi akavua miwani akaifuta, wala haikuwa na vumbi.

Kazi haikuwa imekwisha. Ndani ya lile tundu, akatueleza huku akishughulika, kuna ulimi mdogo wa shaba. Pini ikiingia, ulimi unalala, spika zinanyamaza. Pini ikitoka, ulimi unainuka, spika zinasema. Huu wa kwetu ulikuwa umelala muda mrefu mno, umesahau kuinuka. Akaubembeleza kwa mwiba, ukainuka kidogo, ukalala tena. Mwishowe akavuta chini ya meza mashine nyingine iliyokufa, akaling'oa tundu lake kwa chuma cha kulehemu, akalihamishia kwenye yetu. Moshi wa risasi ya kulehemu ukachanganyika na bizari. Tafida alikuwa amekaa kwenye kigoda, kile kipande cha pini amekifungia kwenye pembe ya leso, anakifungua anakitazama, anakifunga.

Wasfi alirudisha betri, akawasha, akachomeka hedfoni zake, akachomoa. "Nifungue ipi?"

Tafida akaonyesha kwa kidole.

"Moja, mbili. Moja, mbili." Ilikuwa sauti ya Naji, nzito kidogo, yenye mafua yake ya kila baridi. "Mama, sema chochote, napima sauti."

"Niseme nini mie?" Huyo alikuwa Tafida mwenyewe, wa zamani, ana haraka. "Sogea na hicho kidude, utanitilia waya kwenye unga."

Kicheko cha mwanamke.

"Hanadi, usicheke, unaniharibia."

"Na wewe mwache mama yangu afanye kazi."

"Tangu lini amekuwa wako? Mama, hebu sema, wewe ni wa nani?"

"Wa huyu anayenisaidia kukanda. Wewe kazi yako kuozesha watoto wa watu."

Wakacheka wote watatu, na picha ikakatika.

Muuza vitambaa alikuwa ameacha kupima kitambaa chake. Mimi nilidhani Tafida atalia, nikamshika mkono. Hakulia. Alisema tu, "Kumbe ndivyo nilivyosema," kisha akamwomba Wasfi aifunge. Malipo Wasfi aliyakataa. Alimrudishia mwiba wake kwa mikono miwili.

"Twende tukapande pantoni," Tafida akaniambia nje.

"Sasa hivi? Na mkate?"

"Mkate utangoja."

Juu ya pantoni Tafida aliishika laptopu mapajani, kwenye kitambaa, kama mtu anayempeleka mtoto hospitali. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno. Nilimwambia Hanadi ana moyo mzuri. Nilimwambia atarudi, tutakanda watatu. Sijui nilikuwa namliwaza nani.

Nyumba ya baba yake Hanadi tuliisikia kabla hatujaiona. Kulikuwa na mdundo, twang, twang, uta wa mchambua pamba, na wanawake wanaimba. Mlango wa ua ulikuwa wazi. Mtengeneza magodoro amekaa katikati, pamba imeruka kila mahali, iko kwenye ukuta, iko kwenye nyusi za watu, na godoro jipya linashonwa, kubwa, la watu wawili. Kwetu godoro la namna hiyo hushonwa kwa sababu moja tu.

Nikamshika Tafida kiwiko. "Turudi."

"Nimeshaonekana," akasema.

Hanadi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, beseni mkononi, pamba kwenye nywele. Amekonda. Alimtazama mama mkwe wake aliyevaa nyeusi katikati ya weupe ule wote. Beseni akaliweka chini.

"Mama," akasema. "Karibu ndani."

Chumba kilikuwa kidogo. Nilikaa karibu na mlango. Hanadi akafunga pazia, akasema kwa haraka, kama anayetaka kuliondoa njiani, "Baba amesoma Fatiha ya posa na mtu wa Akhmim. Amefiwa na mkewe. Ana watoto. Ni mtu mpole."

"Mungu akutimizie," Tafida akasema. "Sikuja kukurudisha. Njiani nilikuwa nataka, sasa sitaki. Nimekuja kukwambia ni mimi." Akaifungua pembe ya leso. "Hiki kilikuwa ndani ya tundu. Nilikisukuma mimi, siku ile ya vigelegele."

Hanadi akakichukua kile kipande akakiweka kwenye kiganja. "Nilikuona ukisukuma. Sikujua kimekatikia humo."

"Ungeniambia hata hivyo. Ungesema Mama, kumbuka, ni wewe uliyeinyamazisha."

"Ungenisikiliza?"

Tafida akafikiri kwa haki. "Nisingekusikiliza."

"Yumo?" Hanadi akauliza baadaye, sauti chini.

"Yumo. Na wewe umo."

"Nataka kumsikia."

Tafida akaifungua laptopu juu ya mkeka, akabonyeza mahali pake. Na kwa sababu Wasfi alikuwa ameiacha sauti juu kabisa, Naji akanguruma kwenye chumba kile, "Moja, mbili! Moja, mbili!"

Uani uta ukasimama. Mwanamke mmoja mwenye sauti ya kuamrisha akaita, "We Hanadi! Ni mwanamume gani huyo anahesabu huko ndani?" Wenzake wakaangua kicheko. "Labda anahesabu watoto atakaozaa!" mwingine akasema, na kigelegele kikafuata.

Hanadi alikuwa ameshaifunika mashine kwa mikono yote miwili. "Ni mama yake," akanong'ona, na tukaelewa, mama wa yule mtu wa Akhmim. Akapaza sauti, "Si kitu, Mama! Simu tu!"

Nilimwona Tafida akisikia neno lile, Mama, likirushwa nje kupita pazia. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono akauliza, "Una hedfoni?"

Hanadi akazitoa chini ya mto, nyeupe, ndogo, za simu. Tafida akazichukua, akalitafuta tundu kwa kidole, akaingiza pini polepole, polepole kabisa, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Ule ulimi wa shaba alioutia Wasfi ukalala. Chumba kikanyamaza.

Moja akaitia sikioni mwake, moja akampa Hanadi. Waya ulikuwa mfupi, ikabidi wakae vichwa vimegusana. Mimi sikusikia chochote. Niliona tu midomo ya Naji kwenye kioo, na nyuso zao mbili zinabadilika kwa wakati mmoja, na nilijua kwa nyuso zile amefika wapi. Hapa anauliza wewe ni wa nani. Hapa Hanadi anaanza kucheka kule, na hapa, kwenye mkeka, anajifunika mdomo kwa ukosi wa gauni asisikike.

Iliisha. Wakairudia. Katikati yake pazia likatikiswa. "Hanadi, njoo ushike upande wa godoro, mama mkwe wako anasubiri!"

"Nakuja!"

Hakuinuka mara moja. Alitoa kile kizibo sikioni, akakifuta kwa kidole, akamgeuza Tafida kichwa kwa upole kama unavyomgeuza mtoto, akamtilia kwenye sikio la pili. Kisha akambusu mkono, akajipangusa uso, akatoka. Kile kipande cha pini alikuwa nacho ngumini.

Uani vigelegele vikapanda, virefu, kimoja juu ya kingine. Tafida alikuwa amekaa na masikio yote mawili yamezibwa, anamtazama mwanawe, na havikumfikia. Alipomaliza, kidole chake kikaenda mahali pale pale, kikabonyeza. Nikamwona Naji akianza tena.

Pantoni ya mwisho ilipiga honi. Sikumgusa bega. Nilikaa pale karibu na pazia nikamngoja.